Kibanio Kilichosema Tisini na Tatu

Wadogo zangu wauguzi, wiki iliyopita mmoja wenu alinifuata hadi nyumbani Lubunga kuniuliza kwa nini kwenye fomu ya mgonjwa wa kifua kuna kisanduku kikubwa kilichoandikwa "pumzi kwa dakika moja nzima", na kwa nini neno "nzima" limepigwa mstari chini. Alidhani ni maneno yaliyoletwa na wageni. Nilicheka. Mstari ule niliupiga mimi, kwa rula ya binti yangu. Nimestaafu, kazi yangu kubwa sasa ni kumenya makemba, ndizi zetu za kupika, na kugombana na kuku wa jirani, kwa hiyo nina nafasi ya kuwaeleza ulitoka wapi. Itabidi nianzie mbali kidogo.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa kwenye kituo cha afya cha Mangobo, hapa hapa Kisangani. Nilifika na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikawa inasimama yenyewe, saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, na kitabu kinene cha Kifaransa nilichokitumia shule ya uuguzi. Mkuu wa kituo alikuwa Papa Lisasi, mwanamume mfupi, mkavu, aliyevaa buti za mpira hata katikati ya kiangazi. Aliangalia saa yangu, akasema, "Muzuri." Aliangalia kitabu, akanielekeza kwenye benchi la wagonjwa.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mtoto mchanga mwenye homa, macho mekundu, makamasi yanamtiririka. Nilifungua kitabu ukurasa wa surua. Kiliniambia nitafute madoa mekundu. Nilimvua mtoto nguo, nikamwangalia mbele na nyuma. Alikuwa mweusi tii, mzuri, na sikuona doa lolote. Nikaandika: hakuna vipele.

Papa Lisasi alisoma juu ya bega langu.

"Funga macho," akasema.

"Papa?"

"Funga macho, mama, halafu pitisha vidole pale ku kifua."

Nilifumba macho huku mama wa mtoto akinitazama kama mtu aliyepotea njia. Nilipitisha vidole. Kifua kizima kilikuwa kama nguo iliyomwagiwa mchanga laini.

"Sasa iko nini?"

"Iko na vipele, Papa."

"Voilà. Mutu mwenye aliandika kitabu yako alikuwa na angalia ngozi ingine. Hapana mutu mubaya. Lakini hapana alifika Mangobo."

Mchana nilipopata nafasi nilikaa kwenye benchi nikakipitia kitabu upya. Mgonjwa wa damu pungufu: uso mweupe. Mgonjwa wa mapafu: midomo ya buluu. Mgonjwa wa moyo: mashavu mekundu. Picha zote zilikuwa za Wazungu. Nilikuwa nimekisoma miaka mitatu, nimefaulu mitihani yake, na sikuwa nimeliona hilo. Lililonishangaza si picha. Lililonishangaza ni mimi.

Papa Lisasi alinifundisha pa kutazama: ulimi, ndani ya kope la chini, kiganja. Alinifundisha pia kuhesabu pumzi. Unashika kifundo cha mkono kama unapima mapigo, ili mgonjwa asijue unachofanya, kwa sababu mtu akijua unamhesabia pumzi hupumua kwa adabu. Macho yako yanabaki tumboni kwake. Dakika moja, yote. Nilimwuliza kwa nini nisihesabu nusu dakika kisha nikazidisha mara mbili. Akasema, "Ile iko hesabu ya mutu mwenye iko na haraka. Mugonjwa hapana na haraka."

Miaka iliyofuata nitairuka, kwa sababu mingi ilikuwa ya kuzalisha, malaria, kipindupindu na kujaza madaftari. Nilihamishiwa ng'ambo ya mto, Lubunga, nikaolewa huko, nikazoea kuvuka kwa mtumbwi wa pirogi huku nimeshika sanduku la chanjo kifuani. Papa Lisasi alifariki akiwa mzee sana. Nilikuwa nimebakiza miaka michache nipumzike wakati korona ilipofika Kisangani.

Niliitwa upande wa mjini, kwenye banda lililotengwa kwa ajili ya wagonjwa wa ugonjwa ule. Daktari wetu alikuwa kijana, Docteur Héritier, mwenye akili kali na miwani iliyojaa mvuke kila alipovaa barakoa. Tulikuwa na vitanda vya kutosha na mashine mbili tu za kutoa oksijeni. Mbili, kwa banda zima. Na tulikuwa na kile chombo kidogo cha kubana kidoleni kinachoonyesha oksijeni ya damu kwa tarakimu nyekundu. Jina lake la Kifaransa lilikuwa refu, sisi tukakiita kibanio.

Kwa kuwa mashine zilikuwa mbili, ilibidi kuwe na sheria ya nani azipate. Sheria ilitoka juu, ikabandikwa ukutani: chini ya tisini, mgonjwa alazwe, apewe oksijeni. Tisini na kuendelea, arudi nyumbani na dawa za homa, ajitenge. Ilikuwa sheria safi. Haikuuliza mtoto wa nani, wala kabila gani, wala nani anamjua daktari. Niliipenda sana. Mnajua jinsi wakubwa wa mji huu wanavyopenda kupita mlango wa nyuma.

Asubuhi moja waliingia wagonjwa wawili kwa kufuatana. Wa kwanza alikuwa Padre Yozefu, Mzungu mzee aliyeishi huku miaka mingi hata Kingwana chake, Kiswahili chetu cha huku, kikawa na matusi ya sokoni. Kibanio kikasema themanini na tisa. Nilimhesabia pumzi kwa mazoea tu: ishirini na sita, nanyi mnajua mtu mzima aliyetulia hapiti ishirini. Akalazwa, akawekewa oksijeni.

Wa pili alikuwa Papa Dieudonné, mvuvi wa kule maporomokoni, mtu wa kifua kipana, aliyeletwa na mkewe, Mama Furaha. Alikuwa amekaa ameinama mbele, mikono juu ya magoti. Kibanio kikasema tisini na tatu. Nilimhesabia pumzi: thelathini na nne. Nikahesabu tena. Thelathini na nne.

Padre alikuwa anatutazama kutoka kitandani. Akainua barakoa yake ya oksijeni.

"Mama Georgette, ule ndugu iko na teseka kupita mimi. Mupe yeye hii."

"Padre, rudisha ile kitu ku pua."

Nilimwendea daktari. Alikuja, akabana kibanio mwenyewe, akasubiri. Tisini na tatu.

"Mama, protocole iko wazi. Tisini na tatu iko muzuri. Pumzi inaweza kwenda mbio juu ya woga."

"Docteur, huyu mutu anavuka maporomoko kila siku. Anaogopa kidole yangu?"

Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mashine mbili, na nje kulikuwa na wengine wanasubiri. Mashine ya pili alipewa mwanamke ambaye kibanio kilimsomea themanini na saba. Na mimi, wadogo zangu, sikubishana zaidi. Niliandika "tisini na tatu" kwenye karatasi, nikaacha kuandika thelathini na nne kwa sababu fomu haikuwa na mahali pa kuiandika. Nikampa Papa Dieudonné vidonge. Mkewe alinishukuru kwa mikono yote miwili.

Siku ya nne mfanyakazi wetu wa usafi, anayeishi jirani nao, akaniambia Papa Dieudonné amefariki.

Nilisikitika, ndiyo, lakini sitawadanganya: kilichonikosesha raha zaidi kilikuwa swali. Wagonjwa wawili, ugonjwa mmoja, saa moja, chombo kimoja. Mwenye kupumua taratibu zaidi anapata namba mbaya, mwenye kuhema anapata namba nzuri. Kwa nini?

Nilianza na sababu rahisi. Labda betri. Nikabadilisha betri. Labda mikono baridi. Nikaanza kuwasugua watu mikono kabla ya kuwapima. Labda kucha nene za wavuvi, kwa sababu ya nyavu. Nikapima wauza majani ya pondu, makarani, mwalimu mwenye kucha laini kama za mtoto. Nilifungua daftari: jina, namba ya kibanio, pumzi, ulimi. Nilijibana mimi mwenyewe: tisini na nane. Nikawabana masista wawili Wazungu waliotuletea barakoa: tisini na nane, tisini na saba. Hapo nikakwama. Kwa watu wenye afya kibanio kilikubaliana na kila mtu. Ni wagonjwa wetu tu, waliokuwa wamezidiwa, ambao namba yao na pumzi yao hazikusikilizana.

Wakati huo kibanio kimoja kilitumbukia kwenye ndoo ya klorini kikafa. Nilikikausha, nikakipeleka kwa Tonton Saleh, fundi wa redio na simu, mtu wa zile familia za Waislamu wa zamani wa hapa mjini. Sikutaka akitengeneze. Nilitaka akifungue.

Alikifungua kwa bisibisi nyembamba kama sindano, akaunganisha waya, taa nyekundu ikawaka.

"Iko taa mbili," akasema.

"Naona moja."

"Ngoja." Akachukua simu yake, akaelekeza kamera. Kwenye kioo cha simu, kando ya ile nyekundu, nikaona doa la zambarau linalometameta. Nilitazama chombo kwa macho yangu: hakuna kitu. Nilitazama simu: lipo. Nilifanya hivyo mara tatu nne kama mtoto.

"Ile jicho ya mutu hapana ona," Tonton Saleh akasema. "Zote mbili zinapita ndani ya kidole. Huku chini iko jicho ya mashine. Inapima mwanga gani umebakia. Damu yenye oksijeni inakula mwanga hivi, damu mubaya inakula mwanga vile. Halafu inafanya hesabu."

Nilitazama kidole changu, kisha chake, ambacho kilikuwa cheupe kuliko changu.

"Na ngozi? Ngozi hapana kula mwanga?"

Alifikiri. Fundi mzuri utamjua kwa jinsi anavyofikiri kabla ya kujibu.

"Ngozi lazima inakula. Nyeusi inakula zaidi."

"Donc mashine inajua namna gani ni ngozi ndiyo ilikula, hapana damu?"

"Haijui, mama. Kila kitu chenye kupima, mutu aliiregla, aliweka vipimo yake sawa, kwanza juu ya kitu fulani. Kama kilo ya sokoni. Mimi najua redio tu. Lakini uliza hivi: hii waliiregla ku vidole vya nani?"

Nilivuka mto jioni ile nikimwona akilini Papa Lisasi na buti zake.

Sasa nilikuwa na swali zuri lakini sikuwa na ushahidi. Maabara kulikuwa na mashine moja iliyoletwa kwa ajili ya janga, inayosoma oksijeni ndani ya damu yenyewe, iliyotolewa kwenye mshipa wa ndani, bila kupitia ngozi. Kila kipimo kilihitaji kifaa cha kutumia mara moja, na vilivyobaki Docteur Héritier alivifungia kabatini, ufunguo shingoni.

Akaletwa Mama Thérèse, mkulima wa Bengamisa, nyuma ya pikipiki, amefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa dereva ili asianguke. Kibanio: tisini na tatu. Pumzi: thelathini na sita. Ulimi wake ulikuwa na rangi ya majivu. Daktari alikuwa tayari ameshika kalamu kumrudisha.

"Docteur, nipe kipimo kimoja cha damu."

"Mama Georgette, juu ya nini? Protocole iko wazi."

"Iko wazi, nakubali. Mimi nataka kujua kama iko kweli."

Alinitazama. Nikampa daftari. Alisoma akiwa amesimama, akageuza ukurasa, akageuza tena, akarudi nyuma. Akavua ufunguo shingoni.

Damu ya Mama Thérèse ilitoka nyeusi kama mafuta ya gari. Mashine ikatoa karatasi: themanini na nne.

Docteur Héritier alifuta miwani. Akasoma tena. Kisha akafanya jambo lililonifanya nimheshimu mpaka leo: bila kuombwa, akachukua kifaa cha pili, akaenda kwa Padre Yozefu, ambaye bado alikuwa kwetu lakini anaendelea vizuri. Kibanio cha padre: tisini na moja. Damu yake: tisini na moja.

Padre aliuliza, "Munatafuta nini ndani yangu?"

"Tunatafuta ngozi yako, Padre," nikamwambia.

Mama Thérèse aliwekewa oksijeni dakika ile ile. Alirudi Bengamisa kwa miguu yake, ukiacha sehemu ya pikipiki. Daktari aliniuliza, kwa sauti ndogo, "Ule mvuvi alikuwa na pumzi ngapi?" Nikamwambia. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa.

Wiki iliyofuata tulikwenda wote wawili mbele ya kamati ya wakubwa wa afya. Daktari alieleza kwa Kifaransa kizuri, akaomba kiwango cha kulaza kipandishwe. Bwana mmoja mwenye suti akakunja uso.

"Mama, unataka kusema mashine inabagua Weusi?"

"Mkubwa, nia ya mashine siijui. Najua tu walipoitengeneza hawakutufikiria, na sheria yetu imeiamini kuliko macho yetu."

"Bon. Tukipandisha kiwango mpaka tisini na nne, oksijeni ya wale wote itatoka wapi?"

Hapo alinishika. Swali lake lilikuwa la haki. Mashine zilikuwa bado mbili. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe namba haikubadilishwa, ila iliongezwa pumzi: kila mgonjwa ahesabiwe dakika moja nzima, na anayepita thelathini asirudishwe nyumbani hata kibanio kikisemaje. Niliruhusiwa kuchora kisanduku. Ndicho kile mnachokiona. Baada ya hapo tulilaza wengi kuliko oksijeni tuliyokuwa nayo, tukawa tunawapa mashine kwa zamu. Wengine tuliwapoteza hivyo hivyo. Sisemi tulishinda.

Siku chache baadaye Docteur Héritier aliniita nione simu yake. Alikuwa amepekua huko kwenye mtandao. Jambo lile tulilolitafuta kwa daftari na bisibisi lilikuwa limeshaandikwa Amerika na Ulaya miaka mingi kabla ya korona, kwamba vibanio hivi huwadanganya wenye ngozi nyeusi. Nilikwenda kuchukua karatasi ya maelezo iliyokuja ndani ya boksi letu. Nikaisoma yote, na maandishi yale madogo pia. Ilionya kuhusu rangi ya kucha. Kuhusu rangi ya ngozi, hakuna hata neno. Nilijiuliza, na bado najiuliza, habari ile ilikwama wapi njiani.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini yule mfanyakazi wa usafi akaniletea habari nyingine. Ndugu za marehemu Papa Dieudonné walikuwa wanataka Mama Furaha aondoke kwenye nyumba. Walisema hivi: hospitali ilimpima ndugu yetu, mashine ikasema iko muzuri, karatasi tunayo. Akafa mikononi mwa mke. Basi kilichomuua kiko nyumbani. Wengine walitaja uji, wengine walitaja dawa za majani, wengine walitaja maneno mabaya zaidi.

Nilikuwa nimeiandika karatasi ile kwa mkono wangu.

Nilikwenda Jumapili baada ya misa. Mama Furaha alikuwa nyuma ya nyumba anakausha samaki, amekonda. Hakushangaa kuniona. Nilimweleza yote, taa mbili, damu ya mama wa Bengamisa, namba ambayo sikuiandika. Alisikiliza huku anageuza samaki mmoja mmoja.

"Ile siku alifurahi," akasema. "Ku njia aliniambia, mashine inasema niko muzima, usilie. Siku ya pili nilitaka kumurudisha. Akakataa. Alisema mutamucheka pale hospitali." Akageuza samaki mwingine. "Mama, mimi niliamini mashine pia. Nikafikiri labda kweli nilifanya kitu."

"Hapana ulifanya kitu."

"Utasema vile mbele yao?"

Hilo sikuwa nimelipanga. Nilifikiri nitamwambia yeye, tulie pamoja, nivuke mto. Lakini alikuwa ameshaacha samaki na kuosha mikono.

Kaka wa marehemu, Papa Emile, alikuwa uani kwake pamoja na wadogo zake wawili, wanasuka mtego wa samaki, mmoja wa ile mikubwa wanayoitega kwenye maji yanayoanguka. Aliniona, akamwona shemeji yake nyuma yangu, hakutukaribisha kukaa. Nilisema nikiwa nimesimama. Nilisema mimi ndiye muuguzi. Nilisema karatasi ni yangu na imesema uongo, na sababu ya uongo. Nilisema mume wa huyu mama alikuwa anakufa alipokuwa mbele yangu, kwamba nilihesabu mara mbili na nikaona, na nikamrudisha kwa sababu karatasi ya ukutani ilisema hivyo. Nyumbani hakukuwa na kitu cha kumuua.

Mmoja wa wadogo alisimama, uso umemvimba. Nilijua anaweza kunipiga na sikurudi nyuma. Papa Emile akamshika nguo akamkalisha.

"Donc iko wewe," akaniambia.

"Iko mimi."

"Na Muzungu?"

"Alipona. Alitaka kumupa ndugu yako mashine yake. Nilikataa."

Sikusamehewa siku ile, wala sidhani nimesamehewa hata leo. Tukikutana sokoni ananisalimia kwa kichwa tu. Lakini aliingia ndani, akatoka na ile karatasi niliyoiandika, iliyokunjwa mara nne. Akaitia kwenye moto wake wa kukaushia samaki. Kisha akavuta kiti chake mwenyewe, akakifuta vumbi kwa kiganja, akakiweka karibu na mtego.

"Shemeji," akamwambia Mama Furaha, "kaa."